Klachi ngumu kwenye gari dogo la zamani: chomoa kebo kabla hujakubali giaboksi ishushwe

Ukitoka kwenye foleni mguu wa kushoto unatetemeka kama umepanda ngazi za ghorofa kumi, hiyo klachi ina shida, gari dogo halitakiwi kukufanyia hivyo hata liwe la zamani vipi. Sasa ukimwambia fundi tu "klachi ngumu" kuna wanaokimbilia kushusha giaboksi wakuwekee seti nzima, na kumbe mara nyingi ni kebo tu.

Kwanza jiulize imeanzaje. Kama imekaza polepole, mwezi baada ya mwezi, mpaka umezoea ukaja kushtuka siku umeendesha gari la mtu, hapo kuna kitu kimekauka au kinachakaa. Ila kama imekuwa ngumu ghafla na ukikanyaga unasikia krr krr chini ya mguu, hizo ni nyuzi za kebo zinakatika moja moja, usisafiri nayo, maana itakuja kukatikia katikati ya barabara na gia imeingia. Na usinicheke, angalia pia kapeti halijajikunja chini ya pedali.

Kipimo chenyewe hakitaki zaidi ya spana mbili na plaizi. Zima gari, vuta hendibreki, fungua boneti ufuate kebo mpaka inapoishia kwenye mkono wa klachi pale giaboksi. Piga picha na simu uone nati ya kurekebishia ilikaa wapi, utanishukuru baadaye, halafu ilegeze uchomoe kebo, huku na kule kwenye pedali. Hapo una vitu vitatu vilivyoachana, pedali, kebo na mkono, na kila kimoja unakipima peke yake.

Pedali isukume kwa kidole, iende bila kugoma. Ikikwama ni pini na bushi zake zimekauka, safisha, tia grisi, imeisha hiyo.

Kebo ndo mtuhumiwa mkuu. Ikunje kwa mpindo mpana kama inavyokaa kwenye gari, shika waya wa ndani uvute uende urudi. Nzima inateleza kimya, mbovu unaisikia kabisa kwenye vidole, inakwama inaachia, inakwama inaachia. Kagua ncha zote mbili pale waya unapoingia kwenye ganda, ndo nyuzi huanza kuchanua kama ufagio, na ukiona hata mbili zimechanua usipoteze muda na oili, nunua nyingine. Kama ni zile za zamani zisizo na plastiki ndani na imekauka tu, itundike wima, funga kifuko cha nailoni ncha ya juu kiwe kama faneli, mimina oili ya injini uache usiku kucha mpaka ichuruzike chini. Zenye plastiki ndani zinatengenezwa zifanye kazi kavu, usizimiminie oili.

Hapa niseme kilichonitesa mimi. Nilifunga kebo mpya, haikuchukua muda ikawa ngumu, nikamlaumu muuza spea, nikafunga nyingine, yaleyale. Ile ya pili nikaipasua kwa kisu nikakuta plastiki ya ndani imeyeyuka imegandana na waya, na wala haikupita karibu na ekzosi! Kumbe waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi ulikuwa umeliwa na kutu, kwa hiyo kila nikipiga stata umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi betri, na njia yenyewe ikawa kebo ya klachi, inachemka kama hita. Ukigusa kebo baada ya kupiga stata ukakuta ina moto, shughulikia ethi kwanza ndo ununue kebo, la sivyo utakuwa mteja wa kudumu.

Mkono nao. Huu kwa asili ni mgumu maana nyuma yake kuna springi ya presha pleti, ile sahani inayobana diski ya klachi, usitegemee kuukanyagisha kwa mkono mtupu. Unachotafuta ni ule mwendo mdogo wa mwanzo kabla beringi, ile inayosukumwa na mkono, haijagusa presha pleti, uwe laini. Ukiganda hapohapo ujue shafti yake imeota kutu kwenye bushi, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, tikisa, rudia.

Gari ambalo klachi yake haina kebo, inasukumwa na mafuta kama ya breki, lina habari zake. Pedali ngumu kushuka na inarudi kwa uvivu, mara nyingi mpira wa mafuta umevimba kwa ndani au silinda ya chini imeanza kunata. Tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, na yasidondokee rangi ya gari, yanaila.

Vyote vikiwa sawa ndo sasa giaboksi ishuke. Diski ikilika, vidole vya presha pleti, vile vinavyosukumwa na beringi, vinabadilisha mlalo na pedali inazidi uzito, dalili yake injini inanguruma mlimani na gari haliendi. Ukishafungua badilisha diski, presha pleti na beringi kwa pamoja, kazi ya kushusha ni ileile. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake hapana. Vumbi la diski za zamani linaweza kuwa na asbesto, usilipulize kwa upepo, futa na kitambaa kibichi. Grisi kidogo sana kwenye bomba ambalo beringi inateleza juu yake, kwenye diski isiguse kabisa.

Wakati wa kurudisha kebo isijisokote wala kupinda kona kali, na iwe mbali na ekzosi. Kaza nati mpaka pedali ibaki na mwendo mtupu kidogo juu, mengi ni kama milimita 10 hadi 25 ila kitabu cha gari ndo kinasema, na zile zinazojirekebisha zenyewe usiziguse. Usikaze mpaka mwendo huo uishe, beringi itazunguka muda wote na klachi itaanza kuteleza. Endesha siku kadhaa halafu pima tena, kebo mpya hukaa sawa baada ya kukanyagwa kidogo na nati huwa inahitaji kuguswa mara moja zaidi.