Ukaguzi wa Matatu wa Kila Mwaka: Kinachokaguliwa, na Breki Zilivyoniangusha

Somo hili naliandika ili nipate pa kumwelekeza kila anayenipigia simu usiku wa kuamkia ukaguzi akiuliza "huko wanaangalia nini", saa ambayo hakuna tena cha kurekebishwa. Ninazungumzia matatu ya abiria 14 hapa Kenya, ingawa mwenye pikapu ya biashara naye atapata mengi yanayomhusu.

Kwanza, omba siku na ulipe mtandaoni, kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Pili, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye logbuku. Zikiwa na kutu, zisugue kwa mafuta ya taa na brashi laini. Usizitie mashine ya kusaga, kwani namba iliyochokorwa humfanya mkaguzi ashuku gari la wizi.

Tatu, jaribu taa zote, indiketa, honi na waipa.

Nne, hakikisha kila kiti kina mkanda unaofunga, na mstari wa njano wa ubavuni mwa gari haujafifia. Hayo yamo katika sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, kwa hiyo sioni kwa nini yamshangaze mtu leo. Kidhibiti mwendo nacho kiwe kinafanya kazi, kwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na cheti chake kiwe na namba za gari lako.

Tano, breki, na hapa ndipo nilipoanguka. Jioni ya kuamkia ukaguzi nilimwachia fundi gari abadilishe laining za nyuma, yaani vipande vinavyosugua dramu ya breki ili gurudumu lisimame. Aliona unyevu ndani ya dramu ya kushoto, akaupangusa kwa kitambaa, akafunga. Barabarani gari lilisimama vizuri, nikalala usingizi mnono. Kumbe silinda ndogo ya gurudumu, ile inayosukuma laining kwa mafuta ya breki, ilikuwa ikivuja, na kufikia asubuhi laining mpya zilikuwa zimelowa. Kwenye mashine ya breki, gurudumu la kushoto halikushika hata nusu ya la kulia, nikarudishwa. Basi chungulia ubavu wa ndani wa kila tairi: ukiona michirizi ya majimaji, usikubali kupangusiwa. Badilisha laining za pande zote mbili kwa pamoja, tena siku kadhaa kabla, ili zipate kukaa sawa na dramu. Na mafuta ya breki yakipungua ghafla, usiyaongeze tu na kuondoka, tafuta yanakotokea.

Sita, matairi yasiwe vipara, na usukani usicheze.

MASWALI

Dereva wa Kisauni: Naweza kuazima mtungi wa kuzimia moto siku hiyo, kisha nirudishe?
Jibu: Moto hautasubiri uende kuuazima tena. Nunua.

Mama Matatu: Wanaangalia breki?
Jibu: Soma hatua ya tano.

Mama Matatu: Nilikuwa na haraka, usinikaripie.
Jibu: Sikukaripii, mama. Aya ndefu kuliko zote ni ya breki.

Kondakta Mstaafu: Kwa nini tofauti ya kushoto na kulia iwe na uzito hivyo, ikiwa gari linasimama?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Kwenye lami kavu, kwa mwendo mdogo, huenda usihisi chochote. Mvua ikinyesha na ukakanyaga breki kwa nguvu, upande unaoshika zaidi hulivuta gari, na nyuma yake inaweza kuteleza ikageuka, abiria wakiwa ndani. Njia moja ya kupima nyumbani: baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Yenye joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili huenda breki yake haiachii.

Kondakta Mstaafu: Ahsante. Na taa za breki nitazikaguaje nikiwa peke yangu?
Jibu: Usiku, rudisha gari kinyumenyume karibu na ukuta, ukanyage breki, utazame wekundu kwenye vioo vya pembeni. Upande ambao ukuta unabaki giza, badilisha balbu.