Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwanasayansi wa Nyota: Mfano wa Cecilia Payne-Gaposchkin

Anayetaka kuandika wasifu wa Cecilia Payne-Gaposchkin, iwe kwa jarida la shule au kwa kipindi cha redio, hushawishika kuanza na kuzaliwa kwake Wendover, Uingereza, tarehe 10 Mei 1900, kisha kufuata miaka hadi kifo chake Desemba 1979. Ni afadhali kuanza na mwaka 1925, alipokamilisha tasnifu yake ya uzamivu akiwa na umri wa miaka 25, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha habari yote.

Kabla ya kugusia dhuluma alizotendewa, mweleze msomaji aligundua nini, tena kwa kina, kwa sababu asiyeuelewa ugunduzi hawezi kupima uzito wa kile alichonyimwa mgunduzi. Nuru ya jua ikipita kwenye mche wa kioo hutawanyika kuwa rangi, na kati ya rangi hizo huonekana mistari myeusi, ambayo ni alama za elementi zilizofyonza sehemu ya nuru hiyo. Mistari ya kalsiamu na ya chuma imekolea sana katika nuru ya jua, ndiyo maana wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba jua limeumbwa kwa mchanganyiko unaofanana na wa dunia. Payne alichukua mlinganyo uliotolewa mwaka 1920 na mwanafizikia Meghnad Saha wa India, unaoonyesha jinsi joto linavyozing'oa elektroni kwenye atomu, akautumia kusoma picha za nuru ya nyota zilizohifadhiwa kwenye vioo katika chuo cha Harvard, Marekani, ambako mwanaastronomia Annie Jump Cannon alikuwa amezipanga nyota kwa madaraja.

Hapa usiwe na haraka. Toa mfano mmoja na uumalize. Kwenye uso wa jua, ambao joto lake ni kama nyuzi 5,500 za Selsiasi, karibu atomu zote za kalsiamu zimepoteza elektroni moja na ziko tayari kufyonza nuru inayoonekana kwa macho, ilhali ni atomu chache mno za haidrojeni zilizopanda ngazi ya nishati inayoziwezesha kufanya hivyo. Kwa hiyo mstari hafifu wa haidrojeni huweza kuficha wingi usiomithilika. Payne alipopiga hesabu, silikoni na metali zilionyesha uwiano unaokaribiana na wa duniani, lakini haidrojeni ilizidi metali takriban mara milioni moja, yaani nyota zimeumbwa hasa kwa haidrojeni.

Sehemu inayoharibiwa na waandishi wengi ni ile ya Henry Norris Russell, bingwa wa astronomia wa chuo cha Princeton aliyetumiwa rasimu ya tasnifu hiyo na kujibu kwamba matokeo ya haidrojeni hayawezekani kabisa. Payne aliandika katika tasnifu yake kwamba kiwango hicho karibu hakika si cha kweli. Mwaka 1929 Russell alifikia hitimisho lile lile kwa njia nyingine, na akamtaja Payne. Kwa hiyo usiandike kwamba alimwibia, maana hilo si kweli. Andika kwamba neno la mkubwa mmoja lilitosha kumfanya msichana aikane hesabu yake mwenyewe, jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi ya wizi.

Baada ya hapo ndipo urudi nyuma. Lililo muhimu katika ujana wake ni hotuba ya mwanaastronomia Arthur Eddington huko chuo cha Cambridge, Uingereza, kuhusu safari ya kisiwa cha Principe, pwani ya magharibi ya Afrika, alikokwenda kupima nuru ya nyota wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1919. Payne aliipata tiketi kwa sababu rafiki yake hakuweza kwenda, na aliporudi chumbani aliiandika hotuba karibu neno kwa neno.

Kila cheo kiambatane na mwaka na taasisi. Cambridge haikuwapa wanawake shahada hadi mwaka 1948; Payne alihamia Marekani mwaka 1923, na uzamivu wake ulitolewa na chuo cha Radcliffe. Kwa muda mrefu mshahara wake ulitoka kwenye fungu la vifaa, na masomo aliyofundisha hayakuorodheshwa rasmi hadi mwaka 1945. Tahadhari na sifa ya "wa kwanza": Helen Maud Cam alikuwa ameajiriwa Harvard kama profesa tangu mwaka 1948, akitoka nje. Payne, mwaka 1956, ndiye mwanamke wa kwanza kupandishwa kutoka ndani hadi uprofesa kamili katika Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Harvard, kisha akaongoza idara ya astronomia.

Ndoa yake na Sergei Gaposchkin, mwaka 1934, na watoto wao watatu havihitaji zaidi ya aya moja. Ila kumbuka kutumia jina la Payne pekee kwa matukio yaliyotangulia mwaka huo.

Mwisho, usimwache mwaka 1929. Yeye, mumewe na wasaidizi wao walifanya vipimo zaidi ya 1,250,000 vya nyota zinazobadilika mng'aro, kisha wakaongeza takriban milioni mbili vya nyota za Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, ambayo hayaonekani kutoka Harvard lakini mtu aliyeko Tanzania huyaona upande wa kusini usiku wa Januari usio na mbalamwezi. Kazi hiyo haina kisa cha kusisimua, lakini ndiyo iliyomchukulia miaka mingi kuliko tasnifu, na wasifu usioitaja una pengo.