Tazama Namba ya Jezi: Namna ya Kumfundisha Mchezaji wa Kike Kutua Salama

Goti langu la kushoto liliumia siku ambayo hakuna mtu aliyenigusa. Niliruka kudaka ribaundi, yaani mpira wa kikapu uliokosa goli na kurudi, nikaupata kwa mkono mmoja mbali upande wa kushoto, nikatua kwa mguu mmoja huku mwili wote umelalia huko huko. Nikasikia "pap" ndani ya goti. Kwa miaka mingi niliamini goti langu lilikuwa bovu tu. Leo nafundisha wasichana, na kila nikikumbuka nilivyotua naona wazi kwamba kilichotangulia kuanguka ni kifua. Goti lilifuata.

Kilichokatika ni ligamenti ya msalaba ya mbele, ile kamba fupi iliyo katikati ya goti na inayozuia mfupa wa muundi usichomoke mbele ya paja. Wanawake wanaocheza kikapu huikata mara mbili au zaidi kuliko wanaume wa mchezo huo huo, na mara nyingi bila kugongwa na mtu: ni kutua, kusimama ghafla, au kubadili mwelekeo. Kiwiliwili kikilalia nje ya mguu uliotua, nguvu inayopanda kutoka sakafuni hupita nje ya goti na kulisukuma liingie ndani. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo kocha mwenzangu, kupiga kelele "magoti nje!" katikati ya mechi hakumsaidii binti, sauti yako inafika goti limeshaingia. Misuli ya tumbo, mgongo na nyonga inabidi iwe imeshakaza angali hewani, na hilo hufundishwa mazoezini.

Watafiti waliowafuatilia wanamichezo 277 wa chuo kikuu cha Yale, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007, walimtaka kila mmoja ashindane na nguvu inayokivuta kiwiliwili chake, kisha wakaiachia ghafla na kupima kiwiliwili kinavyoyumba. Wanawake walioyumba zaidi, hasa kwenda upande, ndio walioumia magoti zaidi katika miaka 3 iliyofuata. Niliposoma hayo niliacha kuanzia gotini.

Anza kwa kurekodi. Tafuta sanduku la sentimita 30 hivi, weka simu mita 3 mbele yake, usawa wa goti. Binti ajidondoshe kutoka juu, atue kwa miguu miwili, kisha papo hapo aruke juu kadiri awezavyo kama anayefuata ribaundi. Rudia mara 3. Ukiitazama video polepole, angalia mambo mawili: magoti yanakaribiana? Na namba ya jezi imesimama wima au imelala? Halafu funga macho usikilize viatu. Kishindo kikubwa maana yake miguu imetua mikavu, bila kukunja nyonga.

Sasa sakafuni. Sit-apu sizipi nafasi hapa, kwa sababu kazi ya kiwiliwili wakati wa kutua ni kukataa kuyumba, wala si kujikunja. Zoezi la kwanza wasichana wangu wanaliita mende chali: lala chali, mikono juu, nyonga na magoti yamekunjwa pembe mraba. Bana mgongo wa chini sakafuni, toa pumzi, shusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto polepole, rudisha, badilisha. Mara 6 kila upande. Mgongo ukiinuka tu, umeshusha mguu kupita uwezo wako, punguza.

Fuata na planki ya ubavu, yaani kulala ubavu, kuegemea kiwiko na kuinua nyonga, sekunde 10 mara 5 kila upande, kwa kuanzia magoti yakiwa yamekunjwa. Akiimudu, anyooshe miguu, baadaye ainue mguu wa juu. Kisha daraja la mguu mmoja, mara 8: alale chali, kisigino kimoja chini, ainue nyonga bila upande mmoja kushuka.

La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo linalofanana na mchezo. Funga utepe wa mpira wa mazoezi, ule wa kuvutika, kwenye nguzo usawa wa kifua. Simama ubavu kwa nguzo, shika mpira kwa mikono miwili kifuani, usukume mbele taratibu na ushikilie sekunde 3. Mpira unataka kukugeuza kuelekea nguzo, wewe unakataa. Mara 8, geuka upande wa pili. Weka kiganja ubavuni mwa binti wakati anasukuma: utahisi misuli ikikaza chini ya mbavu. Mwambie akumbuke hisia hiyo hiyo, maana ndiyo utakayomtaka aipeleke hewani.

Hapo ndipo makocha wengi huishia, na mimi niliwahi kuishia hapo. Nilikuwa na mchezaji wa kati aliyekaa planki dakika 2 bila kutetemeka. Nikampasia mpira pembeni, akaudaka, akatua amekunjika kama nilivyotua mimi. Nguvu alikuwa nayo, ila haikumfuata alipoinua mikono kufuata mpira.

Kwa hiyo peleka kazi kwenye kutua siku hiyo hiyo. Aruke kidogo, atue kwa vidole kisha kisigino, nyonga nyuma, magoti yakielekea vidole, abaki hivyo sekunde 3. Kwa wadogo nasema tu "tua kama paka", na wanaelewa. Akitulia, aruke huku akigeuka robo. Kisha mguu mmoja. Kisha mwenzake amsukume begani kwa mto akiwa hewani, kidogo tu. Mwisho mpira: mpasie kulia na kushoto, juu ya kichwa chake, adake kwa mikono miwili na kuuleta kidevuni kabla ya kugusa chini. Usipandishe hatua mpaka namba ya jezi isimame mara 5 mfululizo.

Fanyeni dakika 15 hadi 20, mara 3 kwa wiki, kabla ya mazoezi mengine miguu ikiwa haijachoka. Wiki 6 ndizo za chini kabisa, na msimu ukianza endeleeni mara 2. Msisubiri wakue: msichana anaporefuka ghafla, kiwiliwili chake huwa kirefu na kizito huku nguvu ikibaki nyuma. Goti likivimba, likiuma au likilegea ghafla, simamisha na umpeleke kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti hii asirudi uwanjani kabla ya miezi 9, na hata hapo apimwe nguvu na kutua kwanza. Nakusihi usikubali kubembelezwa na ratiba ya mashindano.

Yule mchezaji wa kati nilimrekodi tena wiki ya 8. Nilimpasia mpira mrefu kushoto, upande ule ule ulioniumiza mimi. Aliudaka, akauleta kidevuni, akatua kwa mguu mmoja na kusimama. Niliisogeza video picha moja moja. Namba 12 kifuani pake ilikuwa wima kama imepigwa pasi.