Jinsi ya kuokoa magazeti ya zamani ya Wamarekani weusi

Ukiletewa lundo la magazeti kutoka darini mwa kanisa au stoo ya familia, usiharakishe kulifungua. Soma kwanza mwaka, kwa sababu mwaka unakuambia ni karatasi gani. Freedom's Journal, gazeti la kwanza la watu weusi Marekani, lilianza New York tarehe 16 Machi 1827, enzi za karatasi ya matambara, na karatasi hiyo huvumilia kushikwa hata leo. Baada ya miaka ya 1870 viwanda viligeukia mbao zilizosagwa. Karatasi ya mbao ina lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, na kwa mwanga na joto hubadilika rangi na kujaa tindikali. Ndiyo maana Chicago Defender la 1919 humeguka mkononi kama mkate mkavu, wakati gazeti lililolitangulia kwa karibu karne nzima bado ni laini. Anza na yale ya kahawia, maana hayo ndiyo hayawezi kukusubiri.

Nawa mikono, kausha kabisa, na usivae glavu za pamba: nyuzi zake hunasa kingo na kuchana. Kila ukurasa uwekee chini kadibodi kubwa kuliko wenyewe, kisha geuza kadibodi, si karatasi. Pini zenye kutu zitoe kwa kibapa chembamba cha plastiki. Selotepu iache kama ilivyo. Ukiivuta inaondoka na maandishi. Mpasuko uliopita kwenye herufi uzibe kwa kipande cha karatasi ya Kijapani, nyembamba lakini imara, na gundi ya wanga wa ngano, ambayo maji huiondoa ikibidi.

Kunjo likikataa kufunguka, usilishurutishe. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, weka maji kidogo chini, wavu juu yake, na gazeti juu ya wavu lisiguse maji. Litazame kila baada ya saa moja. Likilainika, likunjue na ulilaze katikati ya karatasi za kufyonza maji, chini ya uzito, hadi likauke. Usiliache ndani ya ndoo usiku kucha, utaamka ukute ukungu. Lililoloa kwa mafuriko lifungashe na uliingize kwenye friza kabla saa 48 hazijapita. Lenye ukungu litenge, na ulishughulikie ukiwa na barakoa.

Sasa picha. Skana ya mezani haitoshi kwa ukurasa wa sentimita 40 kwa 60, na ukiukunja ili uenee unaumaliza. Funga kamera kwenye stendi ikitazama chini moja kwa moja, na taa mbili pembeni kwa nyuzi 45. Kiwango cha maktaba ni nukta 300 hadi 400 kwa inchi. Kamera ya megapikseli 24 ikipiga ukurasa mzima inatoa nukta 254 tu, na hapo herufi ndogo za matangazo zinaziba. Piga nusu ya juu na nusu ya chini, zipishane sentimita 5; utapita 300. Chini ya ukurasa weka karatasi nyeusi, la sivyo maandishi ya upande wa pili yatajitokeza. Piga hadi ukingo, hata kama ukingo ni mtupu.

Jina la faili liwe na gazeti, tarehe, toleo na ukurasa. Neno "toleo" lisiachwe: Defender lilikuwa na toleo la jiji na toleo la taifa, lile ambalo wahudumu weusi wa Pullman, kampuni ya mabehewa ya kulala ya treni, walilisafirisha hadi Kusini. Usitupe nakala unayodhani imejirudia kabla hujalinganisha kurasa zote.

Hifadhi faili kuu za TIFF, aina ya faili ya picha inayotunza ubora wote. Ukurasa wa kijivu kwa nukta 400 ni kama megabaiti 60. Gazeti la wiki lenye kurasa 16 hufikisha gigabaiti 50 kwa mwaka. Weka nakala tatu, moja iwe mji mwingine.

Programu ya kutambua herufi, kama Tesseract, hukosea zaidi kwenye safu nyembamba: husoma mstari wa safu ya kwanza na kuuunganisha na wa pili. Gawa safu kwanza. Halafu sahihisha kwa mkono, ukianza na majina ya watu. Southwestern Christian Advocate la New Orleans lilikuwa na safu ya "Lost Friends", ambamo waliokuwa watumwa walitafuta mama, watoto na ndugu waliouzwa mbali, wakiwataja kwa majina pamoja na mabwana waliowamiliki. Kosa la herufi moja kwenye jina, na mjukuu anayetafuta leo hatampata.

Kuhusu haki: kilichochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita ni mali ya umma. Kilichofuata hadi 1963 huenda nacho kiko huru ikiwa hakimiliki haikuhuishwa, lakini hakiki kila gazeti, na zungumza na wenyewe. Baadhi ya magazeti haya bado yanachapishwa.

Unapochapisha, acha maneno kama "Negro" na "Colored" yalivyo. Ya leo yaongeze kwenye maelezo ya utafutaji. Picha za watu walionyongwa na magenge zitangulizwe na onyo, zisifutwe.

Matoleo yaliyokosekana usiyatafute Marekani pekee. Negro World, gazeti la Marcus Garvey, kiongozi wa watu weusi kutoka Jamaika, lilipigwa marufuku katika makoloni kadhaa, na Jomo Kenyatta alimsimulia C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad, jinsi Wakenya wasiojua kusoma walivyomzunguka msomaji mwaka 1921 ili wasomewe makala mara mbili tatu. Kwa hiyo mafaili ya serikali za kikoloni nayo ni pa kuchungulia.

Ukimaliza kupiga picha, gazeti lenyewe lilaze, bila kukunjwa, kwenye boksi lisilo na tindikali, chumba chenye giza, unyevu kati ya asilimia 30 na 50. Maktaba nyingi zilitupa magazeti halisi baada ya kuyatia kwenye mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za kurasa, na mara nyingi picha zilizokuwa gazetini zimebaki madoa meusi tu kwenye filamu hiyo.