Kazi zako ziweke mtandaoni kabla hujamaliza chuo

Wadogo zangu mlio vyuoni hapa Lamu, neno moja tu. Kazi yoyote uliyoifanya ikapendeza, ipige picha siku hiyo hiyo uiweke kwenye blogu yako, ili anayetafuta mfanyakazi aione. Blogger na WordPress.com unafungua bure, simu yatosha. Tumia jina lako halisi, si lile la utani mnaloitana kule Shela.

Ila picha tupu haisemi mengi. Juzi kijana anayesomea useremala alinionyesha mlango aliouchonga: picha nne, zote mlango umeshamalizika, unang'aa mafuta. Mzuri, lakini nitajuaje ni mkono wake? Tukakaa barazani akaanza upya, akiandika hatua kwa hatua: ubao wa mbambakofi kabla haujaguswa, ua lililochorwa kwa penseli, patasi alizotumia, siku zilizomchukua, na kona moja iliyopasuka na namna alivyoiziba. Hiyo kona niliisoma mara mbili.

Ukiwa kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, hotelini, omba ruhusa kabla ya kupiga picha jikoni au za wageni. Kazi ya kikundi? Taja kipande chako. Na picha zipunguze uzito, anayekuajiri naye ananunua bando.

Anwani ya blogu iandike juu kwenye wasifu wako (CV), karibu na namba ya simu, na uijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla hujatuma. Mimi niliomba kazi mara tatu na ukurasa wangu umefungwa, hausomeki na yeyote ila mimi.