Bima ya nyongeza kwa mstaafu: jua kwanza kadi yako inavuja wapi

Wadau mnaokaribia kustaafu huku Nyanda za Juu, kiinua mgongo kikiingia tu simu zinaanza, mara kiwanja Uyole mara ajenti wa bima, "mzee hii ofa ni ya wiki hii tu". Tulia kwanza.

Anza na kadi uliyonayo. Kama ulikuwa mtumishi wa umma ulikuwa unakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, ndo NHIF hiyo, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ukistaafu kadi haifi, wewe na mwenza wako mnaendelea kutibiwa bila kukatwa tena, ila watoto na wazazi uliowaandikisha wanatoka. Hapo ndo watu wanashtuka, mtu ana bimkubwa wake kule Tukuyu anajua bado yumo, kumbe alishatoka kitambo. So pita ofisi ya NHIF kabla hujaaga kazini, uliza wanataka karatasi gani wakubadilishie uanachama, usingoje mpaka uumwe. Waliokuwa kampuni binafsi zenye bima ya kikundi, hiyo mara nyingi inakatika na ajira, nyie hamtafuti nyongeza, mnatafuta bima yenyewe.

Sasa tafuta tundu liko wapi. Mimi nilichukua bahasha ya kaki nikawa natupia kila risiti tuliyolipa mfukoni, miezi mitatu. Mama watoto ana presha, tukifika dirisha la dawa binti anaangalia kompyuta weee, afu anasema "Baba, hii haimo kwenye kadi, mkanunue nje", elfu 38 hiyo, kila mwezi. Kumwaga bahasha mezani nakuta karibu yote ni dawa hiyo moja na nauli za kwenda hospitali ya Ikonda, kulazwa hakuna hata siku moja. Na ile bima niliyoletewa ilikuwa laki 7 kwa mwaka, presha hawaigusi mwaka wa kwanza, nauli ndo kabisaa. Elfu 38 mara 12 ni 456,000. Nikafungua akaunti ya pembeni ya dawa, basi, nyongeza sikuchukua.

Ila wewe risiti zako zinaweza kusema kingine. Kuna bima zinazolipia kile kadi ya kwanza isichogusa au kinachozidi kikomo chake, kuna zinazokupa pesa taslimu kwa kila usiku uliolazwa (hizi binafsi nazipenda, maana hela unanunulia hata uji na nauli ya anayekuuguza), na kuna zinazolipa mkupuo ukigundulika na ugonjwa mzito kama kansa au kiharusi. Mtu mwenye hofu ya kansa akiuziwa ya wagonjwa wa nje (wanaotibiwa bila kulazwa) kapigwa, hata kama karatasi ni halali.

Kwenye fomu angalia umri wa mwisho wa kupokelewa. Kampuni nyingi haziandikishi mwanachama mpya akishavuka umri fulani, wakati aliyeingia mapema wanamuendeleza, ndo maana hii kazi inafanywa ukiwa na 55 na sio 63. Angalia na kipindi cha kusubiri, yaani ule muda wa mwanzo umeshalipa ila ugonjwa fulani bado hawaugusi. Na magonjwa uliyonayo yaseme yote, sukari, presha, lile goti, maana ukificha siku ya kudai watachimbua faili lako na madai yanakataliwa na mchango umeshalipa.

Vituo usimuulize ajenti, yeye atakwambia kote wanapokea. Piga simu dawati la bima la hospitali unayoitumia kweli, iwe Rufaa Mbeya, Ifisi, Tosamaganga au hiyo Ikonda, uulize kadi ya kampuni fulani mnaipokea leo? Leo, sio mwaka jana. Machi 2024 si mnakumbuka baadhi ya hospitali binafsi zilivyogoma kupokea hata NHIF yenyewe kwa ajili ya bei mpya.

Pia 2023 ilipita Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, so yule bimkubwa aliyetoka kwenye kadi muulizie chini ya mpango huo ni kifurushi gani kinamfaa kabla hujamkatia cha binafsi.

Ukiamua kununua, hakikisha kampuni na huyo ajenti wana leseni ya TIRA (mamlaka ya serikali inayosimamia bima), hela ilipwe kwenye akaunti ya kampuni na sio laini ya simu ya ajenti hata awe shemeji yako, na usikubali kipeperushi cha rangi rangi, dai mkataba wenyewe ukae nao wiki nzima, kijana wako akusomee yale maandishi madogo ya nyuma.