Somo: Kupima mwendo wa mgonjwa kwa kiti, futi na saa ya simu

Assalaam aleikum nyote. Nimeombwa mara nyingi nieleze namna tunavyopima uwezo wa mgonjwa kutembea na kuinuka, na leo nimepata nafasi. Somo ni la wanafunzi wa fiziotherapia na wenzangu wa kliniki wanaotaka kuanza utafiti mdogo, lakini hata aliye nyumbani anamuuguza mzazi aliyepatwa na kiharusi ataweza kulifuata.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimtibu mama mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliyevunjika nyonga. Siku ya kwanza aliinuka kitini mara 6 kwa nusu dakika. Baada ya wiki 5 akainuka mara 10. Alifurahi, nami nikafurahi, nikaandika kwenye faili kwamba dawa imekubali. Kesho yake, nikipanga chumba, nikaona kwamba kiti cha mara ya pili hakikuwa kile cha mara ya kwanza. Cha kwanza kilikuwa kifupi kwa upana wa kiganja. Kiti kirefu humrahisishia mtu kuinuka, kwa kuwa goti halikunjiki sana na misuli ya paja haibebi mzigo mkubwa. Je, yule mama alipata nguvu, au alipata kiti? Kipimo kilikuwa kimeshaharibika, na wiki 5 za jasho lake hazikuwa na ushahidi.

Tangu siku hiyo siandiki namba peke yake. Naandika namba pamoja na namna ilivyopatikana: kiti gani, kiatu gani, saa ngapi, nani alishika saa.

Vifaa

Kiti cha mbao kilicho imara, chenye mikono, sehemu ya kukalia iwe kama sentimita 46 kutoka chini. Kingine kisicho na mikono, cha sentimita 43. Vile viti vya plastiki vya arusini viacheni, vinapinda na miguu yake huteleza kwenye vigae. Futi ya fundi, chaki au tepu ya rangi, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na daftari. Basi.

Hatua ya 1: Muulize anataka kufanya nini

Wengi huiruka hatua hii. Mzee mmoja atakwambia anataka kusujudu na kuinuka bila kushikwa mkono. Mwingine anaishi ghorofani Mji wa Kale na anaziogopa zile ngazi nyembamba zilizosimama wima. Mwingine anafanya kazi ng'ambo na lazima ateremke kwenye feri ya Likoni pamoja na umati, ambako hakuna anayemngoja mwenye bakora.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mfumo wa kueleza ulemavu na utendaji, unaotenga mambo matatu: mwili wenyewe, shughuli anayoifanya mtu, na ushiriki wake katika maisha. Nguvu ya paja ni ya mwili. Kutembea mita 10 ni shughuli. Kufika msikitini Ijumaa ni ushiriki. La kwanza linaweza kupanda na la tatu likabaki palepale, kwa hiyo andika neno lake kama alivyolisema, juu kabisa ya ukurasa.

Hatua ya 2: Usalama

Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi inayokata hapimwi siku hiyo. Aonwe na daktari kwanza. Simama upande wake dhaifu, nyuma kidogo, usimvute wala usimtangulie, maana ukimtangulia utakuwa wewe ndiye unayempa mwendo.

Hatua ya 3: Inuka, tembea, rudi ukae

Egemeza kiti chenye mikono ukutani kisirudi nyuma. Pima mita 3 kutoka ukingo wa mbele wa kiti, chora mstari. Mgonjwa akae, mgongo uguse maegemeo, bakora iwe karibu kama huitumia. Maneno yawe yaleyale kila siku: "Nikisema twende, inuka, tembea mwendo wako wa kawaida mpaka mstarini, geuka, rudi, kaa." Washa saa unaposema "twende", usingoje asogee. Izime makalio yakigusa kiti. Mpe nafasi moja ya kujaribu, halafu ndiyo upime.

Kipimo hiki walikichapisha watafiti Podsiadlo na Richardson mwaka 1991. Kabla yake, mwaka 1986, Mathias na wenzake walikuwa na kipimo kama hicho kisicho na saa: mtazamaji alitoa alama 1 hadi 5 kwa jicho lake. Saa iliondoa ubishi mwingi. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, humhesabu mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi kuwa yumo katika hatari ya kuanguka.

Hata hivyo, usiangalie simu tu. Anageuka kwa hatua ngapi? Anajitupa kitini au anajishusha? Wawili wanaweza kupata sekunde 14 kila mmoja, mmoja akichelewa kuinuka na mwingine akichelewa kugeuka, na mazoezi yao hayafanani hata kidogo.

Hatua ya 4: Kasi ya kutembea

Ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechagua hiki. Tafuta korido iliyonyooka ya mita 10. Weka alama mita 2 kutoka kila mwisho, na saa iende katika zile mita 6 za kati tu. Mita 2 za mwanzo ni za kushika kasi, 2 za mwisho ni za kuipunguza. Gawanya mita kwa sekunde: aliyetumia sekunde 12 ana kasi ya mita 0.5 kwa sekunde. Akirudi baada ya mwezi akatumia sekunde 10, amefika 0.6.

Perry na wenzake, mwaka 1995, waliwagawa watu waliopatwa na kiharusi hivi: chini ya 0.4 mtu hutembea nyumbani tu, kati ya 0.4 na 0.8 hutoka nje kwa kiasi, zaidi ya 0.8 huzunguka mitaani mwenyewe. Mipaka hiyo ilipatikana California. Mtu wa Majengo anayepita kwenye mchanga na mitaro, akikwepa tuktuk na mikokoteni, huenda akahitaji zaidi ya hapo. Itumieni, lakini muulizeni pia mgonjwa anafika wapi kwa miguu yake.

Na badiliko gani ni badiliko kweli? Perera na wenzake, mwaka 2006, walionyesha kwamba kwa wazee, nyongeza ya karibu 0.05 ni ndogo ila ina maana, na 0.1 ni kubwa. Sasa angalia kidole chako. Mtu akitembea mita 4 kwa sekunde 4, kasi yake ni 1.0. Ukichelewa nusu sekunde kuzima saa, utaandika 0.89. Hapo kidole peke yake kimemshusha mgonjwa kwa zaidi ya 0.1! Kwenye mita 10, kuchelewa kulekule kungekupa 0.95. Njia ikiwa fupi, kosa dogo huwa kubwa. Ndiyo maana napima mara 2 na kuchukua wastani, na ndiyo maana nashangilia polepole.

Hatua ya 5: Kuinuka kitini kwa sekunde 30

Kiti kiwe kile kisicho na mikono. Mgonjwa akunje mikono yake kifuani, nyayo zikae chini. Hesabu mara anazosimama wima. Muda ukiisha akiwa amepita nusu ya kuinuka, mhesabie. Akijisukuma kwa mikono, andika 0. Kwa jedwali la CDC, mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akipata chini ya 11, au mwanamume wa umri huo chini ya 12, yuko chini ya wastani.

Hatua ya 6: Ukitaka kuugeuza utafiti

Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya Kenya inayosimamia utafiti, huja kabla ya mgonjwa wa kwanza. Ridhaa iombwe kwa lugha anayoielewa. Mama wa Kigiriama asiyekielewa vizuri Kiswahili cha karatasi hajaridhia kwa sababu tu ametia dole gumba.

Kabla ya kuanza, wewe na mwenzako mpime wagonjwa walewale 10, kila mmoja na saa yake, bila kuonyeshana madaftari. Mkitofautiana sana, rudini hatua ya 3 na 4 mkubaliane saa inawashwa lini na inazimwa lini. Siku ya kupima matokeo, anayepima asijue nani yuko kundi la mazoezi mapya na nani yuko kundi la kawaida. Aliyemtibu mgonjwa miezi 2 anampenda, anamtakia mema, na kidole chake kitamtakia mema pia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Tudor: Shikamoo mwalimu. Korido yetu ni mita 6 tu. Nikipima mita 4 naweza kulinganisha na utafiti uliotumia mita 10?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mgonjwa wako mlinganishe na yeye mwenyewe, mita 4 kwa mita 4, hapo huna shida. Ukitaka kulinganisha na wengine, tafuta tafiti zilizotumia mita 4, nazo zipo nyingi. Kipimo cha SPPB, cha kupima uwezo wa mwili wa wazee, kilichochapishwa na Guralnik na wenzake mwaka 1994 kina matembezi mafupi ndani yake. Ila angalia alianza akiwa amesimama au akiwa tayari mwendoni. Anayeanza kutoka kusimama huonekana mzito wa mwendo kuliko alivyo.

Mwanachama, Likoni: Babangu alipatwa na kiharusi mwaka jana. Hawezi kuinuka bila kushikwa. Kwa hiyo hatuna cha kupima?

Jibu: Pole sana dadangu, Mungu amponye mzee. Kipo. Kwanza, usiache nafasi tupu. Andika "hakuweza, alisaidiwa na mtu 1". Akija kuinuka kwa kushika meza tu, hiyo ni hatua kubwa, na utakuwa na ushahidi wake. Pili, muombe fizio wake ampime kwa alama za Barthel, zilizochapishwa 1965: mambo 10 ya kila siku kama kula, kuoga, kwenda chooni na kuhama kutoka kitandani, jumla yake 0 hadi 100. Kwa mtu aliye katika hali ya babako kipimo hicho kinaona mengi kuliko saa.

Wenzangu watafiti, hili ni lenu pia. Ukiwaacha nje wasioweza kusimama, wastani wako utakuwa mzuri kwa sababu uliowaficha ndio walio hoi zaidi.

Fizio, Changamwe: Wagonjwa wangu 20 wa kiharusi wamepanda kasi baada ya wiki 6. Naweza kuandika kwamba mazoezi yangu yamefaulu?

Jibu: Unaweza kuandika kwamba wamepanda. Kwamba ni mazoezi, bado. Baada ya kiharusi sehemu kubwa ya nafuu huja miezi ya mwanzo, hata kwa asiyepata tiba maalumu. Kuwa na kundi la kulinganisha lililoanza wakati uleule. Pili, mara ya pili mtu hujua anachotakiwa kufanya, na kujua huko peke yake kunapunguza sekunde. Tatu, kaka, nakuomba ujibu hili kwa uaminifu: walioanza walikuwa wangapi? Kama walianza 31 na waliomaliza ni 20, wale 11 wako wapi? Kwetu hapa anayeacha kuja mara nyingi ni yule aliyeishiwa nauli, au hakuna wa kumshika kwenye feri. Mpigie simu, mfuate nyumbani ukiweza, umpime hukohuko. Ikishindikana, andika idadi yao na sababu zao katika ripoti, mahali panapoonekana.

Mwanachama, Bamburi: Tunatafsiri dodoso la Kiingereza linalouliza kama mtu anaweza kutembea "bloku moja". Tuweke nini?

Jibu: Bloku ni kipande cha mtaa kati ya njia panda mbili katika miji ya Marekani. Kwenye mitaa ya Mji wa Kale kama Kuze au Kibokoni neno hilo halina maana, vichochoro vinapinda kila hatua 20. Msibuni wenyewe, maana mkiweka "hadi dukani" kila mtu ana duka lake. WHODAS 2.0, dodoso la ulemavu la Shirika la Afya Duniani, huuliza kuhusu kilomita moja, nayo angalau ni umbali mmoja kwa wote. Mnaweza kumtajia mtu sehemu mbili za mtaani kwake mlizozipima. Tafsiri yoyote irudishwe Kiingereza na mtu ambaye hakuona ya asili, kisha mkae na wazee 5 au 6 barazani, mwaulize walivyoelewa kila swali. Swali la kula lililofikiria kisu na uma, kwa anayekula wali kwa mkono, linahitaji kikao kirefu.

Mwanachama, Mwembe Tayari: Mwezi wa Ramadhani tuendelee kupima?

Jibu: Endeleeni na mazoezi kadiri mtu anavyoweza, lakini kipimo cha kulinganisha na cha Shaabani msikifanye alasiri mtu akiwa na njaa na kiu. Kama ratiba ya utafiti inaruhusu, ngojeni Idd ipite. Kama hairuhusu, pimeni asubuhi, na mwandike kwamba alikuwa amefunga. Wenye ugonjwa wa Parkinson muwe waangalifu zaidi, saa za dawa zao hubadilika, na mwendo hubadilika pamoja na dawa.

Mwanachama, Bondeni: Mamangu hataki kuvua buibui wakati wa kupimwa, na champali zake zimelegea. Nimlazimishe?

Jibu: Usimlazimishe, dada. Buibui lipandishwe kidogo lisikanyagwe, lifungwe kwa leso kiunoni kama anavyofanya akiwa jikoni. Champali zilizolegea ni hatari, mtafutie viatu vyenye kamba ya kisigino. Kisha andika: "buibui, leso kiunoni, viatu vya kamba, kiti cha mbao cha sebuleni, saa 3 asubuhi." Mwezi ujao akija na vingine, mrudishe avae vilevile kabla hujawasha saa.